Ninyi Mnaotuendeleza, Tusomeeni Kitabu cha Hesabu!



Siku moja jioni mama mmoja alikuja mlangoni pangu hapa Fataki. Alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi, na vyombo vyake vyote vilikuwa ndani ya sufuria moja. Kwa kuwa watu wanajua ya kuwa mimi ni karani, alinionyesha kwa kidole kibao cha chuma kilichosimamishwa kando ya barabara, akaniuliza: «Mwanangu karani, huyu bwana aliyeandikwa pale kwa herufi kubwa ni nani? Anakaa wapi, nimwendee nimweleze shida yangu?»

Nilitaka kucheka, lakini kicheko kilinikwama. Nilitafuta jibu la kumpa yule mama, nikaona sina. Yule aliyeandikwa pale si bwana. Hana nyumba hapa, hana mlango, hana kiti cha mgeni. Ni herufi za Kifaransa tu. Herufi gani, sitazitaja, maana leo sisemi juu ya kibao kimoja. Zingekuwa hizi au zile, jibu lingekuwa lile lile: «Mama, ametumwa kukuendeleza, lakini wewe huwezi kumfikia.»

Ndugu, neno langu ni hilo.

Hesabuni pamoja nami. Kuna FPI, mfuko wa kusaidia viwanda, tangu 1989. Kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara, uliowekwa kwa sheria ya 2008. Feza zake zinatoka katika mafuta ya gari na katika vizuizi vya njiani. Kuna Office des Routes, yenye kazi ya barabara kubwa. Kuna SAEMAPE, ambayo zamani iliitwa SAESSCAM, iliyoanzishwa 2003 kuwasaidia na kuwaongoza wachimbaji wadogo. Kuna FOMIN, mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kuna P-DDRCS, tangu mwezi wa 7 wa 2021, kwa ajili ya wanaoweka bunduki chini na vijiji vinavyowapokea. Kuna mpango wa maendeleo wa teritwari 145, na feza zake zimepitia mikononi mwa vyombo vitatu: BCECO, CFEF na PNUD. Na kwa kila kampuni kubwa ya madini sheria imeagiza chombo kingine cha pamoja, cha kutunza sehemu ya feza iliyo ya vijiji.

Je, tumekosa nini? Si mifuko. Mtu mwenye mifuko mingi namna hii katika kanzu yake angeitwa tajiri. Lakini sisi, watu wa teritwari ya Djugu, tunatia mkono katika kila mfuko na mkono unatoka mtupu. Na wazee walisema: mkono mtupu haulambwi.

Sisemi kwamba vyombo hivi havina haja. Nchi kubwa kama Kongo haiwezi kungoja waziri mmoja wa Kinshasa atengeneze kila daraja. Ni vema kuwa na chombo chenye wataalamu wake, chenye sanduku lake, kisichosubiri kila mara sahihi ya mkubwa. Lakini angalieni tabia ya viumbe hawa. Kwa kupokea, wao ni serikali: wanatoza kwa nguvu ya sheria, na asiyelipa anashtakiwa. Kwa kuulizwa, wao si serikali: «Sisi ni shirika lenye kujitegemea, mwendee waziri.» Ukienda kwa waziri, atakuambia: «Shirika lile lina wakubwa wake, waendee wao.» Popo akiulizwa kodi ya ndege, yeye ni mnyama, akiulizwa kodi ya mnyama, yeye ni ndege. Ndivyo walivyo wao. Na usiku wote wanaruka na matunda yetu.

Jambo hili si jipya. Wazee wetu waliliona. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda mfuko ulioitwa Fonds du Bien-Être Indigène, yaani mfuko wa ustawi wa wenyeji. Ulichimba visima, ukajenga zahanati na masomo vijijini, na watu wakaambiwa washukuru ukarimu wa Ubelgiji. Lakini feza zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilikuwa deni: Kongo ilikuwa imebeba gharama za Ubelgiji wakati wa vita vya 1940 hadi 1945, na Ubelgiji ikairudishia. Sehemu nyingine ilikuwa faida ya bahati nasibu ya koloni. Basi mtu alikukopa, akakurudishia deni lako, ukaambiwa upige magoti kwa zawadi! Tena mwenyeji, ambaye jina lake liliandikwa juu ya mfuko, hakushika ufunguo wake.

Mkoloni ameondoka tangu 1960. Lakini ile desturi imebaki. Hata leo, darasa moja likijengwa, tunapanga watoto kwenye jua waimbe nyimbo za kushukuru. Kumshukuru nani? Anayekurudishia chako, umshukuru kwa adabu, lakini kwanza uhesabu kama kimetimia.

Sasa tuhesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nitawapa hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuikagua.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema hivi juu ya kampuni yenye hati ya kuchimba dhahabu. Kwa dhahabu yenye thamani ya franka 1,000, kampuni italipa franka 35 kwa nchi. Katika zile 35, nusu, yaani 17 na nusu, zinakwenda Kinshasa. Robo, yaani 8 na senti 75, zinakwenda jimboni. Sehemu ya 15 kwa mia, yaani franka 5 na senti 25, ni za shefri au sekta ambayo mgodi umo ndani yake. Zinazobaki, 3 na nusu, ni za FOMIN. Tena kando ya hayo, sheria imeagiza kampuni itoe si chini ya franka 3 kwa kila 1,000 za mauzo yake, kwa ajili ya miradi ya vijiji vinavyopakana na mgodi.

Jumlisheni: 5 na senti 25, ongeza 3. Katika franka 1,000 za dhahabu, shefri na vijiji vinapata 8 na robo. Ndiyo haki iliyoandikwa. Ni ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na mgodi mkubwa ni kibaba kikubwa. Tena sheria imesema wazi kwamba sehemu ya shefri ni kwa ajili ya majengo na kazi za msingi za watu wote. Si kwa gari la mkubwa, wala kwa safari, wala kwa karamu.

Mtu wa Fataki ataniuliza: «Karani, na sisi tunapata ngapi?» Swali hilo linauma. Tangu 2013 mgodi mkubwa wa dhahabu katika pande zetu umekuwa Kibali, kule Watsa. Wenye hisa ni Barrick 45 kwa mia, AngloGold Ashanti 45, na SOKIMO, shirika letu la zamani, 10. Lakini mwaka 2015 Province Orientale ilikatwa vipande vinne, na Watsa ikaangukia Haut-Uele. Sehemu ya jimbo na sehemu ya shefri zinabaki kule. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Haut-Uele. Nao wana malalamiko yao.

Lakini dhahabu ya Kongo hii ilianza kuonekana hapa kwetu, karibu na Kilo, mwaka 1903. Babu zetu walitolewa vijijini kwa amri ya machefu kwenda kuichimba. Wake zao walilima chakula cha kambi. Kampuni ya Kilo-Moto ya 1926 ilisimama juu ya migongo hiyo, ikawa OKIMO mwaka 1966, kisha SOKIMO. Hata umeme wa Budana, juu ya mto Shari, ulijengwa na Kilo-Moto kwa nguvu ya dhahabu hii. Basi ile hisa ya 10 kwa mia iliyomo Kibali ni jasho la Djugu pia. Faida yake imesomwa katika barza gani ya Djugu? Mimi sijaisikia. Aliyeisikia anyoshe mkono.

Na leo dhahabu ya Djugu inatoka kwa njia gani? Inatoka kwa sururu na koleo na karai. Inatoka katika mashimo ya watoto wetu, chini ya wale wenye mashimo wanaoitwa PDG. Kijana anatoa feza ya kadi, anatoa sehemu ya mwenye shimo, anatoa sehemu ya mwenye ardhi, anatoa kwenye kizuizi cha kwanza, anatoa kwenye kizuizi cha pili, na pote ni matabishi juu ya matabishi. Kisha dhahabu ile inavuka mpaka wa Uganda bila kuandikwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika jambo hilo mara nyingi. Ile hesabu nzuri ya 15 kwa mia na ya franka 3 kwa elfu haimgusi yeye, maana hiyo ni ya kampuni. Yule anayetoa zaidi kwa mkono wake ndiye asiye na mstari wake katika kitabu. Na chombo kilichoundwa kumsaidia ni kipi? Ni kile cha 2003. Tunakiuliza kwa heshima: katika teritwari ya Djugu mmepokea ngapi, mmefundisha wachimbaji wangapi, mmezuia mashimo mangapi yasiwaangukie watu? Tuonyesheni katika karatasi, tutanyamaza.

Ndugu wafanya kazi, mnajua desturi ya lango la mgodi. Mahali nilipofanya kazi zamani, mtu akitoka kwenye zamu alivuliwa viatu, akatazamwa mdomoni, akapekuliwa nywele. Gramu moja ikikosekana, zamu nzima ilisimamishwa mpaka giza. Sisemi kwamba kulinda mali ni vibaya. Nauliza tu: kwa nini pekupeku hii inakoma kwa mwenye koleo? Gramu ikipotea, watu mia wanavuliwa viatu. Feza ya daraja ikipotea, nani amewahi kuvuliwa hata kofia?

Sasa nijibu wale wanaotupinga, maana nawajua maneno yao.

Wa kwanza wanasema: «Kuna vita. Nani atajenga mahali penye risasi?» Ni kweli, tangu Desemba 2017 Djugu imelia machozi mengi. Tumezika, tumekimbia, tumerudi, tumekimbia tena. Lakini angalieni: vita havikuwazuia kutoza. Kizuizi cha njiani kinasimama hata siku za hatari. Basi ikiwa kuna usalama wa kupokea, na kuwe na usalama wa kutoa hesabu. Kitabu cha hesabu hakiogopi risasi. Kinaweza kusomwa Bunia, kinaweza kubandikwa mlangoni pa kanisa na pa msikiti. Tena nasema zaidi: kijana anayeweka bunduki chini anatazama kushoto na kuume. Akiona kazi ya barabara, atashika koleo. Asipoona kitu, bunduki haiko mbali. Barabara nambari 27 ya Bunia hadi Mahagi haiulizi kabila la anayepita. Lopitali haiulizi damu inayotoka ni ya nani. Anayekula feza ya barabara na ya lopitali, hata kama hajashika silaha, ameifanyia vita kazi.

Wa pili wanasema: «Watu wa vijiji hawakusoma, hawataelewa hesabu.» Haya ndiyo maneno ya Bula Matari wa zamani, yamevaa suruali mpya! Mama anayeuza mihogo sokoni anajua faida yake ya kila siku bila kalamu. Mchimbaji anajua uzito wa chembe ya dhahabu kwa kuitazama. Mwaelezeni kwa Kiswahili, mtaona kama hawaelewi. Wanaoelewa Kifaransa cha ripoti zenu ni wale tu wanaoziandika.

Wa tatu, na hawa ndio wapole zaidi, wanasema: «Kuna wajumbe waliochaguliwa, waacheni waulize kwa niaba yenu.» Wajumbe wapi? Sheria ya 2008 ilisema kila sekta na kila shefri iwe na baraza lake. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 walichaguliwa madiwani wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu. Baraza la shefri yetu halikupigiwa kura. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliingia katika hali ya kuzingirwa, na kazi ya bunge la jimbo ikasimamishwa. Na teritwari yenyewe, ambayo jina lake limeandikwa kwenye kila mradi, kwa sheria si mwenye sanduku. Ni mkono tu wa serikali ya juu. Basi nyumba ya kuulizia imefungwa huku, imefungwa na kule, lakini mlango wa kupokea uko wazi mchana na usiku.

Tazameni jirani zetu wa Tanzania. Kule sheria ya kodi za serikali za mitaa iliweka ushuru wa huduma usiozidi shilingi 3 kwa kila 1,000 za mauzo, na mgodi wa Geita umelipa ushuru huo kwa halmashauri ya mahali. Kilikuwa kiasi kile kile kama chetu! Tofauti ni hii: kule kuna diwani aliyechaguliwa na kata yake, naye anaweza kusimama kikaoni na kuuliza. Wana makosa yao, na magomvi yao juu ya feza hiyo hayakukosa. Lakini mtu wa Geita anamjua mtu wa kumshika shati. Sisi tunashika hewa.

Sasa nitasema neno ambalo wengine wetu hawatalipenda. Si haki kulaumu Kinshasa peke yake. Ndani ya kamati za maendeleo za mahali tumo sisi wenyewe: chefu, mwalimu, mkubwa wa vijana, na karani mwenzangu. Mara ngapi tumetia sahihi karatasi tusiyoisoma, kwa ajili ya bahasha ya usafiri na chupa mbili za bia? Sahihi ile ndiyo inayopelekwa mjini kuwa ushuhuda kwamba «jamii imekubali». Sisi makarani, hasa sisi tuliofundishwa na mapadri kusoma na kuandika ili tuwasaidie watu wetu, tumefanya kalamu kuwa komeo. Kalamu ilitakiwa iwe ufunguo. Yule wakili wa mithali, tuliyefundishwa habari zake utotoni, aliitwa na bwana wake atoe hesabu ya mali. Hapa bwana ni watu. Wameita. Mawakili wajibu, na sisi tuliowashikia kitabu tujibu pamoja nao.

Basi tunataka mambo manne. Si mambo ya kupindua nchi. Ni mambo ya karani.

La kwanza: kila chombo kinachopokea feza kwa jina la Djugu kisome hesabu yake mara mbili kwa mwaka, kwa sauti, kwa Kiswahili, katika barza ya wazi, huko Bunia na katika kila shefri na sekta ambayo njia yake inapitika. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

La pili: kila kibao cha mradi kiandikwe kiasi cha feza, jina la anayejenga, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na mahali hapa hapa katika teritwari ambapo raia atapeleka malalamiko yake. Kibao kisicho na hayo ni tangazo la biashara.

La tatu: katika kila kamati wachimbaji wadogo, wanawake wa soko na wale waliorudi kutoka kambi za wakimbizi wawe na wajumbe waliochaguliwa na wenzao, si walioteuliwa na mkubwa. Na mjumbe akitia sahihi, nakala ya karatasi ibandikwe hadharani kabla ya siku saba kupita.

La nne: katiba ya 2006 ilisema majimbo yabaki na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yaliyotozwa kwao, yakatwe hapo hapo, yasipelekwe kwanza Kinshasa na kungoja kurudishwa. Neno hilo litimizwe. Ahadi ni deni, na katiba ni ahadi kubwa kuliko zote. Lakini feza hiyo nayo, ikifika Bunia, isomwe barzani kama nyingine. Hatutaki mwizi wa mbali abadilishwe na mwizi wa karibu.

Na sisi tufanye nini wakati tunangoja? Tusingoje! Katika kila kambi, katika kila kartie, tafuteni mtu mmoja anayejua kuandika, mnunueni daftari moja. Aandike kila kinachotozwa: siku, mahali, kiasi, na aliyepokea alivaa nembo gani. Ombeni risiti, hata mkichekwa. Baada ya miezi sita daftari zetu zitakaa juu ya meza moja, na siku hiyo wale wakubwa watakapofungua chao, tutakuwa na chetu cha kulinganisha. Mwenye nguvu haogopi kelele, amezizoea. Anaogopa jumla iliyo sawa.

Nirudi kwa yule mama. Aliniambia: «Kama huyo bwana hana nyumba, basi mwandikie wewe.» Ndiyo sababu nimeandika. Ninyi wenye herufi kubwa, mnaotuendeleza, mama mmoja wa Fataki anawaita. Hajakuja kuomba sadaka. Amekuja na sufuria yake moja, na swali lake moja: chake kiko wapi?

Hesabu kwanza, shukrani baadaye!

Karani wa mgodi, Fataki